Sanamu za Ibada Zilivyofika Paris

Makumbusho ya Guimet, yenye hazina kubwa ya sanaa ya Asia jijini Paris, yalijengwa kwa fedha za rangi ya bluu. Mwaka 1826 Jean-Baptiste Guimet wa Lyon aligundua namna ya kutengeneza kwa bei nafuu rangi ambayo awali ilisagwa kutoka kwenye jiwe la thamani la Afghanistan. Mwanawe, Émile, alirithi kiwanda, lakini kilichomvuta zaidi ni dini za watu. Mwaka 1876 alisafiri na mchoraji Félix Régamey kwenda Japani, China na India, akiwa ametumwa na serikali ya Ufaransa kuchunguza dini za huko.

Japani aliikuta katika wakati mgumu. Mwaka 1868 serikali mpya ya Meiji ilitenganisha Ushinto na Ubuddha. Mahekalu ya Kibuddha yakapoteza ardhi na mapato, mengi yakavunjwa, na vyombo vya ibada vikaishia sokoni. Guimet alirudi na michoro ya kidini ipatayo 300 na sanamu zipatazo 600. Alilipa, na sina sababu ya kumwita mwizi. Hata hivyo, hekalu linalouza sanamu zake kwa shida haliuzi kwa hiari, na jambo hilo lazima msomaji aliweke akilini.

Ndiyo maana ninakipenda zaidi kisa cha hekalu la Toji, Kyoto. Guimet alivutiwa sana na kundi la sanamu zilizopangwa humo kama mandala, yaani mchoro wa ulimwengu wa kiroho. Aliagiza fundi wa Kijapani amchongee nakala ndogo. Sanamu za Toji zikabaki kwa waumini wake, na nakala zikaenda kuwafundisha Wafaransa. Kila upande ulipata haki yake.

Makumbusho yalifunguliwa Lyon mwaka 1879, kisha yakahamia Paris mwaka 1889. Mwanzoni yalikuwa ya dini, hata za Misri na Ugiriki zikiwamo. Baada ya Guimet kufariki mwaka 1918, yaliegemea sanaa ya Asia, yakapokea sanamu za Wakhmer wa Kambodia kutoka makumbusho ya Trocadéro na, mwaka 1945, mkusanyo wa Asia wa makumbusho ya Louvre.

Sanamu za Wakhmer zina historia chungu zaidi, kwa kuwa nyingi ziliondolewa Kambodia chini ya ukoloni. Mojawapo ni sanamu ya Harihara, mungu anayeunganisha miungu ya Kihindu Vishnu na Shiva, ya karne ya 7 kutoka Phnom Da. Kichwa chake kilichukuliwa na Mfaransa Étienne Aymonier katika miaka ya 1880, kiwiliwili kikabaki. Januari 2016, kwa makubaliano ya Guimet na makumbusho ya taifa ya Kambodia, kichwa kiliunganishwa tena na kiwiliwili jijini Phnom Penh.

Ukibahatika kuingia Guimet, usiridhike na uzuri wa mawe na mbao. Soma kibao chini ya kila sanamu, uulize iliondokaje kwao, na kama kibao hakisemi, muulize mhudumu.