Desemba ya Bujumbura na Idhini ya Mtawala

Watawala waliopata kuuamuru mji wa Bujumbura, tangu Wajerumani walipoweka boma lao la Usumbura mwaka 1897 mpaka hii leo, wametofautiana kwa lugha, kwa rangi na kwa itikadi, lakini katika jambo moja wamekuwa ndugu: kila mmoja kwa zamu yake amepata kuwaambia raia lini wakusanyike na lini wasikusanyike, na kila mmoja ameona kwamba amri hiyo, ambayo karani huiandika kwa dakika chache, ikifika uani mwa watu hugeuka mashauri marefu. Dunia ilipoifikia Desemba 2020 ikijiuliza kama yafaa masharti ya korona yalegezwe ili jamaa wapate kula Noeli pamoja, wengi walilidhani suali hilo kuwa jipya, lililozaliwa pamoja na barakoa. Kwetu lilikuwa na umri mkubwa kuliko mji wenyewe.

Msomaji wa mbali yampasa kwanza ajue kwamba Bujumbura, iliyolala tambarare katika nchi ya Imbo kando ya Ziwa Tanganyika, ni mji ambao wakazi wake wengi wana kwao pengine. Muulize mtu wa Ngagara au wa Musaga kwao ni wapi, naye, ijapokuwa amezaliwa hapa hapa na kusoma hapa hapa, aghalabu atakutajia mlima ulioko Muramvya, Kayanza, Gitega au Bururi, kwa maana Mrundi huhesabu asili yake kwa mlima, na kila mlima una jina lake na nyumba zake zilizotawanyika katikati ya migomba. Basi tangu Noeli hata mwaka mpya, ambao mjini twauita Bonane na milimani huitwa Ubunani, mji hupungua watu: mabasi madogo hujaa tangu alfajiri, na barabara ya Bugarama hupandwa na magari yaliyosheheni mchele, sukari, kreti za Primus na watoto waliolala mapajani mwa mama zao. Jioni yake, katika baridi ya juu, mtungi wa impeke, ndiyo pombe ya mtama, huwekwa kati, na mrija ukapita kinywa baada ya kinywa, kwa mkubwa kwanza kisha kwa wengine kwa daraja zao. Walioteta mwaka mzima hupatanishwa mbele ya mtungi huo, na mtu aupaye mgongo bila ya udhuru hudhaniwa kuwa ana neno moyoni. Sisi Waislamu wa Buyenzi, ambao Noeli si idi yetu wala pombe si kinywaji chetu, twaishiriki kwa namna yetu, kwani jirani aliyekula pilau letu siku ya Idi hakubali sahani yetu irudi tupu mwezi wa Desemba.

Tabibu akiutazama mrija ule ataona njia ya maradhi, na haki anayo. Jamaa wakiutazama wataona ndio ukoo wenyewe. Historia ya amri zote nitakazozitaja ni historia ya ugomvi kati ya macho haya mawili.

Kabla ya Noeli kufika nchi hii, majira hayo yalikuwa na mwenyewe. Katika zama za wafalme, Umuganuro, sikukuu ya mtama, uliadhimishwa karibu na Desemba, wakati wa kupanda: mwami alionja ugali wa mtama mbele ya wakuu wake, Karyenda, ngoma tukufu ya ufalme, ikatolewa hadharani, na baada ya hapo ndipo raia walipopata ruhusa ya kutia mbegu ardhini na kufanya karamu zao majumbani. Natija yake ni kwamba karamu ya jamaa ya mwisho wa mwaka haikuwa kamwe jambo la faragha tupu. Ilingoja idhini ya mtawala, naye mtawala, kwa kuitoa, alijitia mwenyewe katika kila nyumba ya ufalme. Wajuzi wa mambo ya siasa wangesema ni hila ya utawala, nami sikatai, ila ni hila yenye adabu, kwa sababu aliyeifungua karamu alikuwa ameila kwanza yeye mwenyewe. Wabelgiji, waliotwaa nchi kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, pamoja na mapadre, waliuona Umuganuro kuwa ushirikina, na mwishoni mwa miaka ya 1920 ukakoma, katika enzi ya Mwambutsa wa Nne, aliyetawazwa angali mtoto mdogo Desemba 1915. Ngoma zilibaki, hata UNESCO ikaziandika mwaka 2014 katika orodha ya turathi za wanadamu. Lakini idhini ya Desemba ilikuwa imehamia mikononi mwa watu wasioila karamu yenyewe.

Maradhi yalikuwa yametangulia. Katika miaka ya 1890 sotoka ilifyeka ng'ombe, ndui ikafuata, na funza waliokuja kwa njia za misafara wakaila miguu ya watu. Kisha ikaja malale, na hiyo ndiyo iliyoleta karantini ya kiserikali katika ufuo wetu. Baada ya msafara wa tabibu wa Kijerumani Robert Koch wa mwaka 1906 na 1907 katika visiwa vya Sese huko Uganda, Wajerumani, kazi ikiwa sasa mikononi mwa mwanafunzi wake Friedrich Karl Kleine, walijenga kambi za wagonjwa kandokando ya maziwa, na upande wa Imbo ya kusini kambi ilikuwa Niansa, ambayo leo twaiita Nyanza-Lac. Wagonjwa walidungwa atoksili, dawa yenye asili ya zarniki, iliyowapa wengine nafuu ya muda na kuwapofusha wengine. Vijiji vya ufuoni, penye mbung'o, vikahamishwa, na vichaka vikafyekwa kwa nguvu za watu wale wale walioondolewa. Ukiwaweka kando wagonjwa wenyewe na kuwatazama jamaa zao, utaona kwamba kilichowauma si sindano peke yake, bali kutengwa: mgonjwa kambini, wazee juu mlimani, wavuvi wametolewa kwenye ziwa lao. Wengi walijificha, na wengine wakavuka ziwa kwenda Kongo, wakiichukua malale pamoja nao. Hilo ni somo ambalo serikali za baadaye zingalisoma bure bila ya kulipa ada, na hazikulisoma.

Noeli yenyewe ilikawia. Mapadre weupe walijaribu kwanza Rumonge, wakauawa huko watu wao watatu mwaka 1881, na ni katika mwaka 1898 huko Muyaga na 1899 huko Mugera ndipo walipopata kutulia. Ilipokwisha kushika, ilishika sana. Baada ya miongo michache Warundi wengi walikuwa Wakatoliki, na majira yaliyokuwa ya mtama yakawa ya hori la Bethlehemu, ila mtungi na mrija havikubatizwa wala havikufukuzwa.

Kutoka hapo waweza kudhani kwamba kanisa na jamaa walikuwa wamepata amani na dola. Haikuwa hivyo. Katika miaka ya 1980 serikali ya Jean-Baptiste Bagaza, iliyoitazama kila hadhara ya waumini kama baraza la wapinzani, ilikataza ibada za siku za kazi, ikavunja jumuiya ndogondogo za Wakatoliki zilizoitwa inama sahwanya, na kuwafukuza wamisionari wengi; sababu iliyotajwa ni kwamba raia wapaswa kufanya kazi. Pierre Buyoya alipompindua tarehe 3 Septemba 1987, kulegezwa kwa masharti hayo kulikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza aliyoyafanya, na kulimpatia upendo mwingi kwa gharama ndogo. Naam, mtawala akitaka kupendwa upesi, afungue mlango uliofungwa na mtangulizi wake.

Kisha ikaja vita. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993, mji wa Bujumbura uliishi miaka mingi chini ya amri ya kutotoka usiku, hata ilipoondolewa mwaka 2006, na vijana waliokua katika muda huo walijua misa ya mkesha wa Noeli kuwa ibada ya jioni, kwa kuwa usiku wa manane haukuwa wa raia. Wala haikuwa amri tu iliyowazuia watu kupanda milimani, bali barabara. Tarehe 28 Desemba 2000 basi lililoitwa Titanic Express, likitoka Kigali kuja Bujumbura, lilivamiwa karibu kabisa na mji na watu 21 wakauawa. Na tarehe 29 Desemba 2003 balozi wa Papa, Michael Courtney, alipigwa risasi katika njia ya Rumonge akafariki. Zote mbili ni siku za katikati ya Noeli na Bonane, siku ambazo Mrundi yu njiani. Hata hivyo watu walisafiri, wakauliza habari za njia kwa madereva na wachuuzi, wakaondoka asubuhi ya mapema, wakagawana magari ili msiba ukitokea usiwachukue nyumba nzima. Nalitilia mkazo jambo hili kwa kuwa walioambiwa mwaka 2020 kwamba kumtembelea mama ni hatari walikuwa watu waliokwisha kumtembelea mama chini ya bunduki.

Korona iliingia rasmi tarehe 31 Machi 2020, kwa wagonjwa wawili waliotoka safari za nje, mmoja Rwanda na mwengine Dubai. Uwanja wa ndege ulikuwa umekwisha kufungwa. Lakini makanisa, misikiti na masoko vilibaki wazi, na viongozi wakasema nchi i katika himaya ya Mungu. Mwezi wa Mei, wakati mikutano ya kampeni ikijaza viwanja kabla ya uchaguzi wa tarehe 20, serikali iliwaamuru mwakilishi wa Shirika la Afya Duniani na wenzake watatu waondoke nchini. Hapo mizani ilikwisha kuharibika: ukimruhusu mtu kusimama bega kwa bega na maelfu kumsikiliza mgombea, kwa uso gani utamwambia asikae na ndugu zake kumi? Rais Pierre Nkurunziza alifariki tarehe 8 Juni, na Évariste Ndayishimiye, aliyeapishwa tarehe 18, akaja na kauli nyingine, akaiita korona adui mkubwa wa Burundi. Upimaji wa watu wengi ulianza Julai, na bei ya sabuni ya buluu ya Savonor ikapunguzwa kwa nusu. Naihesabu sabuni hiyo kuwa amri bora kuliko zote za mwaka ule, kwa sababu ilimfuata mtu mpaka kwao, ikampa kitu cha kufanya badala ya kumnyang'anya.

Novemba 8 ndege zikaanza tena kutua. Waliotoka Brussels na kwingineko walikuja Noeli, na watu wakapanda milimani kama desturi. Mwaka ulipofunga, hesabu rasmi ya wagonjwa ilikuwa haijafika 1,000. Hakukuwa na amri ya kuwazuia jamaa, na pia, jambo ninaloliona kuwa zito zaidi, hakukuwa na neno la kuwaelekeza. Kisha, sikukuu zikiisha na maradhi yakipanda, tarehe 11 Januari 2021 mipaka ya nchi kavu na ya ziwani ikafungwa, na wenye ndugu Uvira, upande wa Kongo, mwendo mfupi tu kutoka hapa kupitia Gatumba, wakajikuta wametengwa nao kwa ajili ya karamu ambayo pengine hawakuila.

Wengine walifanya kinyume. Rwanda, jirani yetu wa kaskazini, ilikaza masharti mwezi ule wa Desemba, ikapiga marufuku karamu za harusi na kurudisha nyuma saa za kutotoka, na hata hivyo katikati ya Januari mji wa Kigali ulifungwa. Uingereza iliahidi mwezi Novemba kwamba nyumba tatu zingeruhusiwa kukutana kwa siku tano, kisha tarehe 19 Desemba, watu wamekwisha kununua nyama na tiketi, ikaiondoa ruhusa hiyo London na kusini-mashariki na kuipunguza kuwa siku moja kwingi kwengine. Ubelgiji, wanakoishi Warundi wengi, iliruhusu kila nyumba mgeni mmoja, na mwenye kuishi peke yake wageni wawili. Amri ya namna hiyo, kwa ukoo wa Kirundi ambao shangazi na binamu wa daraja la tatu ni watu wa nyumbani, ilikuwa sawa na kukatazwa kabisa, ila kwa adabu. Lakini kati ya makosa haya naliona la Uingereza kuwa ndilo baya kuliko yote, kwa sababu aliyeahidi akavunja humfundisha raia asiisikilize ahadi ya pili.

Je, basi, ilifaa kulegeza? Ikhtilafu ni kubwa, na kila upande una wafu wake wa kutaja. Hukumu yangu ni kwamba huku kwetu suali lenyewe liliulizwa vibaya. Mkusanyiko wa Desemba haukuwahi kuwa mali ya serikali hata iufunge au iulegeze. Wajerumani hawakuweza kuutenga ukoo ufuoni, wala bunduki hazikuweza barabarani. Lililowezekana ni kuzungumza juu ya mrija: kila mtu na bilauri yake, wazee wakae penye upepo, mwenye kikohozi abaki mjini mwaka huu na ndugu wampigie simu, na waliopanda watue ndoo ya maji na sabuni langoni kabla ya kukumbatiana. Maneno kama hayo, yakisemwa mapema na padre, na imamu, na mkuu wa mlima, yangesikilizwa kuliko tangazo la redio, kwa kuwa yasingemtaka mtu amkane mama yake. Tarehe 1 Januari 2023, sikukuu za mwaka ule zikiwa hazijaisha, Wizara ya Afya ilitangaza kipindupindu mjini Bujumbura. Mwezi Julai 2024 ikatangaza mpox, na kaskazini ya mji huu ikawa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Desemba zitakuja nyingine na maradhi yake. Wizara na iseme na jamaa mwezi Novemba, kabla gari la kwanza halijapanda Bugarama.