WAIPA ZIMEGOMA? SIKILIZA MOTA KABLA HUJANUNUA NYINGINE

Huku kwetu Milepa, bonde la Ziwa Rukwa, mvua huanza Novemba hivi na kuendelea mpaka Aprili. Miezi inayobaki ni jua na vumbi tupu, waipa hakuna anayezikumbuka. Halafu siku ya mvua ya kwanza gari liko kwenye kona za mlima wa Lyamba lya Mfipa, linapanda kwenda Sumbawanga, ukungu umeshuka, dereva anawasha waipa... kimya! Upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili korongo. Hapo ndo utajua waipa sio mapambo.

Mjomba wangu na pikapu yake ya zamani yalimkuta. Fundi akamwambia mota imekufa, akanunua ya mtumba, ikafungwa, waipa bado hazisogei. Nikamwambia, "Mjomba, hata ile ya kwanza ilikuwa inanguruma, ilikufaje sasa?" Kufungua, kumbe shafti zimeshika kutu. Hela imeenda bure.

Kwa hiyo kanuni ni hii: washa waipa, zima redio, SIKILIZA. Ila usiache zimewashwa muda mrefu wakati zimekwama, utaunguza mota kweli.

A. MOTA INANGURUMA, WAIPA HAZIENDI

Hapa umeme unafika. Ugonjwa uko kwenye vyuma.

1. Angalia nati iliyo chini ya kila mkono wa waipa (mara nyingi ina kifuniko cha plastiki). Ikilegea, shafti inazunguka na mkono umelala tu. Kaza. Kama meno ya mkono yamelika, badilisha mkono.

2. Zima gari, toa waya hasi wa betri. Fungua sehemu ya chini ya kioo. Mota inasukuma vyuma vya kuunganishia, na vyuma hivyo vinashikana kwa vigololi vinavyokaa kwenye vikombe vya plastiki. Kikombe kikilika, kigololi kinachomoka. Wakati mwingine waipa moja inafanya kazi, nyingine imelala.

3. Kama vyote vimeshikana, chomoa chuma kinachotoka kwenye mota, kisha sogeza mikono ya waipa taratibu kwa mkono. Ikiwa migumu, shafti zimekamata. Hili ndo gonjwa kubwa la huku kwetu: vumbi na grisi iliyokauka, juu yake kutu. Weka mafuta ya kulainisha kutu, subiri, sogeza huku na huku bila kulazimisha na plaizi. Zikilainika paka grisi mpya.

B. MOTA KIMYA KABISA

1. Anza na fyuzi. Kifuniko cha boksi la fyuzi huwa kimeandikwa ipi ni ya waipa. Iliyoungua weka yenye namba ILE ILE. Waya au karatasi ya pakiti ya sigara ni kutafuta moto. Ikiungua tena, kuna shoti au vyuma vimekwama na mota inavuta umeme mwingi. Rudi kwenye A.

2. Kama fyuzi ni nzima, chomoa plagi ya mota. Chukua balbu ndogo yenye waya mbili (angalia kama gari lako ni volti 12 au 24). Waya mmoja gusa chuma safi cha bodi, wa pili gusa matundu ya plagi, swichi ya gari ikiwa imewashwa. Kwenye magari mengi kuna tundu ambalo balbu itawaka ukiwasha waipa na kuzima ukizizima. Hakuna linalofanya hivyo? Shuku swichi, rilei au waya.

3. Balbu inawaka ila mota kimya: safisha kwanza waya wa mota unaoenda kwenye bodi. Bado? Gonga mota kidogo na mpini wa bisibisi. Ikishtuka na kuzunguka, brashi za ndani zimeisha. Hapo sasa mota ni mbovu kweli.

Ukirudishia, acha mota izunguke na kusimama yenyewe ndipo ufunge mikono, la sivyo waipa zitalala katikati ya kioo.

UKIKWAMA NJIANI

Simama pembeni mahali salama, mvua ipungue. Tumbaku au sabuni kwenye kioo inasaidia kidogo, sio dawa. Kama shafti ni laini, chomoa mota kwenye vyuma, funga kamba kwenye mikono yote miwili, pitisha madirishani, abiria avute huku na huku. Usicheke! Mary Anderson wa Marekani alipopata hataza ya waipa yake mwaka 1903, nayo ilikuwa inavutwa kwa mkono kutoka ndani. Lakini hiyo ni ya kujikongoja mpaka kijiji cha karibu, SIO ya kushukia mlima.

Mwisho, kila Oktoba lowesha kioo, osha vumbi, washa waipa dakika moja, tia grisi shafti. Mpira uliokakamaa kwa jua tupa. Ni kazi ya nusu saa, na mlima unaujua mwenyewe.

Mwenye utundu mwingine atuongezee. Safari njema wadau.