Kitenzi kimetoka wapi?

Wadau, mtoto wa shule ya msingi ya serikali pale Sakina au Usa River anamaliza darasa la saba akijua nomino, kitenzi na kivumishi. Akiingia kidato cha kwanza, anaanza upya kwa Kiingereza kana kwamba hajawahi kusikia sarufi.

Tukumbuke historia. Sarufi za mwanzo za Kiswahili, ya Krapf (1850) na ya Steere (1870), ziliandikwa kwa Kiingereza. Zilikuwa za wageni, si zetu.

Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule za msingi, na Bunge likaunda BAKITA. Istilahi zikahitajika. Kitenzi tulikichonga kutoka kutenda. Isimu ikatoka Kiarabu. Fonimu na mofimu zikatoka Ulaya. Mwaka 1990 TUKI ikachapa Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha.

Tume ya Makwetta (1982) ilipendekeza Kiswahili kifundishie sekondari. Serikali ikakataa.

Basi walimu wa Kiingereza, anzieni kwenye kitenzi anachokijua mtoto. Istilahi zipo, zimelipiwa jasho. Mnasemaje?