Kipande Kilihesabu Kazi, Saa Haikuwamo

Malipo ya saa za ziada hayawezi kuwapo mpaka kwanza ikubaliwe kwamba siku ya mfanyakazi ina mwisho. Mashamba ya mkonge ya Tanganyika yanathibitisha hilo. Richard Hindorf, Mjerumani, aliuleta mkonge mwaka 1893, na wakati wa utawala wa Waingereza vibarua wa Tanga na Morogoro waliandikiwa kipande: kadi ya siku 30 za kazi, ya kukamilishwa ndani ya siku 42. Alama ilitiwa pale tu kazi ya siku ilipotimia. Kwa mkataji, hiyo ilikuwa idadi iliyopangwa ya mafungu ya majani. Aliyemaliza saa sita mchana na aliyemaliza magharibi walipata alama ileile. Kumbukumbu ilitunzwa vizuri, lakini kwa kuwa haikupima saa, aliyechelewa shambani hakuwa na msingi wa kudai chochote.

Wapo watakaosema kipande kilimpa kibarua uhuru: akimaliza mapema, alirudi kwenye bustani yake, na siku nyingine aliweza kupumzika. Ni kweli, na wengi waliuthamini uhuru huo. Lakini ulimfaa zaidi mwenye nguvu, tena siku ambayo majani yalikuwa mazuri na karibu. Siku ngumu ilipokuja, muda uliozidi aliubeba kibarua peke yake. Wala ulinzi wa kimataifa haukumfikia: mkataba wa kwanza wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, uliweka saa 8 kwa siku na nyongeza ya angalau robo kwa saa za ziada, ila ulihusu viwanda, siyo mashamba.

Tanzania ya leo ina kipimo kingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki na 9 kwa siku. Saa za ziada zinataka makubaliano, zisizidi 50 katika wiki nne, na kila moja hulipwa angalau mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Itadaiwa kwamba programu ya mahudhurio inamaliza suala hili, kwa kuwa haisahau wala haipendelei. Hata hivyo programu hutii kanuni iliyowekewa. Ikipangwa kujumlisha wiki tu, saa ya kumi ya Jumatatu itamezwa na Ijumaa fupi. Ikipangwa kukata saa zinazozidi 50, itafuta jasho lililokwisha kutoka, ilhali kazi ya ukomo huo ni kumzuia mwajiri mapema. Kwa hiyo anayeweka kanuni aanze na sheria, na mfanyakazi aone saa zake kabla ya mshahara kufungwa, ili aweze kuzipinga zikikosewa.