Uchambuaji wa Protini

Kitenzi “kuchambua” kimezaa nomino mbili. “Uchambuzi” tumeuzoea: wa habari, wa mashairi, wa bajeti. “Uchambuaji” ni kazi ya mikono, kama ya mtu aketiye mkekani kule Pemba akitenga karafuu na makonyo yake. Nomino hii ya pili ndiyo ninayoipendekeza kwa kazi ifanywayo na sehemu ya seli iitwayo Golgi.

Camillo Golgi, tabibu wa Pavia nchini Italia, alitangaza sehemu hiyo mwaka 1898, baada ya kuziona seli za ubongo wa bundi zilizotiwa chumvi ya fedha. Ni rundo la vifuko bapa vilivyolaliana kama chapati. Protini zilizokwisha kukunjwa katika retikulamu ya endoplazimu hupakiwa katika vifuko vidogo na kufikishwa upande wa kuingilia. Zikipita humo, sukari zilizoshikamana nazo hupunguzwa na nyingine kuongezwa. Upande wa kutokea ndipo uchambuaji mkubwa unapofanyika: hizi zitolewe nje ya seli, kama insulini, hizi zikae kwenye utando wa seli, hizi ziende laisosomu, mahali pa kumeng’enyea taka.

Kinachoongoza kazi hii ni alama. Vimeng’enya vingi vya laisosomu hupigwa chapa ya manosi-6-fosfeti, na vipokezi huvitambua kwa chapa hiyo. Upo ugonjwa wa kurithi ambamo chapa hiyo haipigwi. Vimeng’enya humwagwa nje ya seli, taka hurundikana ndani, na mtoto hudhoofika tangu uchanga. Kimeng’enya chenyewe kingeweza kufanya kazi yake. Kilichokosekana ni anwani.

Ndiyo maana istilahi hii haifai kuchukuliwa kwa wepesi. “Uainishaji” huishia kwenye kutaja makundi. “Upangaji” hausemi kwamba kila kundi lina safari yake. “Uchambuzi wa protini” nao utaeleweka kuwa ni upimaji wa maabara. “Uchambuaji” hubeba yote mawili: kutambua kilicho mbele yako na kukitia katika pakacha lake.

Walimu wa baiolojia, tuanze na neno hili darasani. Mwanafunzi anayejua kuchambua karafuu, mchicha au pamba amekwisha kuijua nusu ya somo.