Samuel Battle, Askari wa Harlem

Mwezi wa Agosti mwaka 1900, katika mitaa ya magharibi ya jiji la New York nchini Marekani, askari kanzu mmoja alichomwa kisu akafa katika ugomvi na mtu mweusi, na mara baada ya hapo makundi ya Wazungu yakatanda njiani yakimpiga kila mtu mweusi yaliyemkuta, mwanamume kwa mwanamke; na askari wa serikali, ambao ndio waliokabidhiwa roho na mali za raia, hawakuizuia dhuluma hiyo, bali wengi wao waliinua marungu wakaingia pamoja na wapigaji. Walioumizwa walishtaki, ushahidi wao ukaandikwa kwa viapo, na juu ya hayo yote hapana askari aliyetiwa hatiani. Kutokana na msiba huo lilizidi nguvu dai la watu weusi wa jiji hilo, kwamba jeshi la polisi lisilokuwa na mtu wao hata mmoja mitaani mwao haliwezi kuwatendea insafu.

Aliyekuja kulitimiza dai hilo alikuwa Samuel Jesse Battle, aliyezaliwa tarehe 16 Januari 1883 mjini New Bern, jimbo la North Carolina, kwa wazazi waliopata kuwa watumwa. Alihamia kaskazini angali kijana, na baada ya kazi hii na ile akawa mchukuzi wa mizigo katika stesheni kuu ya reli ya New York, Grand Central, mmoja wa wale wachukuzi wavaao kofia nyekundu, kazi ambayo siku zile ilikuwa miongoni mwa zile bora alizoachiwa mtu mweusi. Alidurusu vitabu, akafaulu mtihani wa kuingia polisi, lakini tabibu wa jeshi akamkataa kwa kudai kwamba moyo wake una kasoro, naye alikuwa mtu wa miraba minne, mrefu kupita wenzake. Wakubwa wa jamii yake wakamsimamia, matabibu wengine wakamkagua wakamwona mzima, na alipopimwa mara ya pili akakubaliwa. Tarehe 28 Juni 1911 akawa askari. Huko Brooklyn walikuwapo askari weusi wachache kabla ya mji huo kuunganishwa na New York mwaka 1898, ila tangu muungano huo yeye ndiye wa kwanza kuandikwa katika jeshi la jiji.

Wenzake walimwadhibu kwa kimya. Katika kituo chake cha kwanza, jirani na mtaa wa San Juan Hill, hapana aliyemwamkia wala aliyemwitikia. Na kwa kuwa hapana aliyeridhia kulala chumba kimoja naye, alitengewa kitanda darini, mahali pa kuwekea bendera. Siku moja alikuta kitandani karatasi ya vitisho iliyotobolewa tundu la ukubwa wa risasi. Nje nako watu walikuja makundi kwa makundi kumtazama askari mweusi kana kwamba ni kioja. Aliwaza, akiwa peke yake katika dari lile, jinsi wageni waliokuwa hawajakijua vema Kiingereza walivyopokewa jeshini pasipo taabu, hali yeye, mzaliwa wa nchi, alipitishwa katika tanuri. Hata hivyo zamu yake hakuikosa, na wajibu wake hakuupunguza. Subira ya namna hii haikuwa unyonge, kwa maana alijua kwamba akivunjika yeye, mlango utafungwa juu ya wote watakaomfuata. Na ilipofika mwaka 1919, Wesley Williams, mwana wa mkuu wa wachukuzi wa Grand Central, alipoingia katika kikosi cha wazima moto na kukutana na kimya kile kile, Battle ndiye aliyempa nasaha za kustahimili.

Mwaka 1913 alihamishiwa Harlem. Mtaa huo ulikuwa umejengewa Wazungu wenye nafasi zao, lakini nyumba zikazidi wapangaji, kodi zikashuka, na kuanzia mwaka 1904 mawakala kama Philip Payton wakaanza kuwapangishia watu weusi, hata ukawa mji ndani ya mji, wenye makanisa, magazeti, waimbaji na washairi wake. Battle aliishi miongoni mwa watu aliowalinda, na wakamjua kwa jina. Mwaka 1919 umati wenye hasira ulipomzingira askari mmoja wa Kizungu, alijitosa katikati akamtoa salama, na wenzake kwa shukrani wakapiga kura wakamruhusu aingie darasa la kujitayarisha kwa mtihani wa usajini. Akawa sajini mwaka 1926, akawa luteni mwaka 1935, na katika vyeo vyote viwili alikuwa mtu mweusi wa kwanza jijini.

Mwaka huo wa uluteni ndio uliodhihirisha thamani ya amana aliyoilimbikiza. Tarehe 19 Machi 1935 kijana wa miaka 16, Lino Rivera, alikamatwa katika duka la Kress, Barabara ya 125, kwa kuchukua kisu kidogo cha mfukoni. Aliachiliwa kwa mlango wa nyuma, lakini watu hawakumwona akitoka. Na gari la kuchukulia maiti lilipotokea kusimama jirani, uvumi ukaenea kwamba mtoto ameuawa. Maduka yakavunjwa, na katika ghasia hizo watu watatu wakafa. Polisi walipompata Rivera usiku wa manane, walimpiga picha akiwa hai, amesimama ubavuni mwa Luteni Battle, kisha picha hiyo ikatangazwa kwa umma. Neno la mkuu yeyote mwingine lingeweza kudhaniwa hila. Uso wa Battle Harlem iliujua.

Mwaka 1941 Meya Fiorello La Guardia alimteua kuwa kamishna wa wafungwa waachiliwao kwa masharti, katika kiti kilichoachwa na marehemu Lou Gehrig, mchezaji mashuhuri wa besiboli. Hapo Battle aliwaelekea vijana waliopotoka, akawaandalia michezo na kambi za kiangazi, kwa itikadi kwamba kijana aliyepata shughuli na mshauri hawi mzigo kwa jela. Tarehe 1 Agosti 1943 askari mzungu alimpiga risasi askari jeshi mweusi, Robert Bandy, akamjeruhi, na uvumi ukasema amekufa. Harlem ikawaka tena. Meya akamwita Battle asaidie kuwatuliza watu, na katika ghasia hizo watu sita wakapoteza maisha.

Mara zote mbili uvumi ulikuwa wa uongo, na mara zote mbili uliaminiwa, kwa sababu dhuluma kama hizo zilikuwa zimetendeka kweli tangu mwaka 1900 na kabla yake. Tume iliyoundwa baada ya ghasia za 1935 ilitaja sababu zake: ukosefu wa kazi, ubaguzi, na ukatili wa polisi. Hayo mtu mmoja, hata awe mwadilifu namna gani, hawezi kuyafuta. Aliloweza Battle ni kuwa shahidi anayesadikika pale ambapo serikali ilikuwa haisadikiki.

Alistaafu mwaka 1951 na kufariki mwaka 1966, na mwaka 2009 jiji likaipa jina lake njia panda ya Barabara ya Lenox na Barabara ya 135. Heshima hiyo ni haki yake, lakini fundisho la maisha yake linawahusu zaidi wenye mamlaka kuliko wapita njia. Picha ile ya mwaka 1935 ilikuwa na miaka 24 ya utumishi nyuma yake, na serikali itakayo kuaminiwa na raia siku ya fitina haina budi kuwatendea haki siku zote zinazoitangulia, kwani usiku wa ghasia si wakati wa kuanza kuitafuta imani ya watu.