Plachimada: Kijiji cha India kilichoifungia kiwanda cha Coca-Cola leseni

Plachimada ni kijiji kidogo cha wakulima kusini mwa India. Jina lake lisingejulikana nje ya wilaya yake kama si soda. Mwaka 2000 kiwanda cha Coca-Cola kilianza kazi hapo. Miaka minne baadaye kilisimama na hakijarudi tena.

Kesi yake bado inatajwa kila unapozuka mjadala huu: maji yaliyo chini ya ardhi ni ya nani?

Plachimada iko wapi?

Iko katika wilaya ya Palakkad, jimbo la Kerala, karibu na mpaka wa jimbo la Tamil Nadu. Kerala inasifika kwa mvua nyingi, lakini upande huu wa mashariki hupata kidogo kuliko pwani. Hata hivyo Palakkad ndiyo inayoitwa ghala la mpunga la Kerala, na wakulima wake hutegemea sana mabwawa na visima.

Wengi wa waliokaa jirani kabisa na kiwanda ni Adivasi, yaani jamii za wenyeji wa asili, hasa Eravalar na Malasar. Wengi wao hawana mashamba na huishi kwa vibarua kwenye mashamba ya wengine.

Kiwanda kilifikaje?

Halmashauri ya kijiji ya Perumatty, ambayo Plachimada iko chini yake, ilitoa leseni mwaka 2000. Huko India chombo hiki kinaitwa panchayat, na viongozi wake huchaguliwa kwa kura. Kwa lugha nyepesi, ndiyo serikali ya ngazi ya chini kabisa.

Mmiliki alikuwa Hindustan Coca-Cola Beverages, kampuni tanzu ya Coca-Cola. Eneo la kiwanda lilikuwa ekari 34, na maji ya kutengenezea soda na kuoshea chupa yalivutwa kutoka ardhini hapohapo.

Mwanzoni kilipokelewa vizuri. Ajira, kodi, biashara. Nani angekataa?

Tatizo lilianza lini?

Haukupita muda mrefu wanakijiji wakaanza kulalamika. Visima vilishuka. Maji yaliyobaki yakawa mazito, yenye chumvi, wali ukipikwa nayo unaharibika haraka. Waliooga walisema ngozi inawasha. Kina mama wakaanza kutembea mbali kutafuta maji, na baadaye maboza yakawa yanaleta maji kijijini.

Kampuni ilikanusha kuhusika. Ilisema mvua zilikuwa haba, ndiyo maana maji yalipungua.

Kulikuwa na jambo la pili: tope. Mabaki ya kiwanda yalikuwa yakigawiwa kwa wakulima kama mbolea. Mwaka 2003 kipindi kimoja cha redio ya BBC kilipeleka sampuli kupimwa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza. Majibu yakaonyesha madini ya risasi na kadimiamu, ambayo ni sumu kwa binadamu. Bodi ya jimbo ya kudhibiti uchafuzi nayo ilikuta kadimiamu, na ugawaji ukasitishwa.

Nani aliongoza mapambano?

Aprili 22, 2002, Adivasi walianza kukaa mbele ya geti la kiwanda. Sura iliyojulikana zaidi ni ya Mayilamma, mama wa jamii ya Eravalar ambaye hakuwa na elimu ya shule. Kisima cha karibu na kwake kilikuwa kimeharibika. Alikaa kwenye kibanda cha maandamano siku baada ya siku, akakamatwa, akarudi. Alifariki Januari 2007.

Januari 2004 wanaharakati kutoka nchi mbalimbali walikutana wilayani Palakkad kwa mkutano wa dunia kuhusu maji.

Mahakama ilisema nini?

Hapa ndipo penye uzito. Aprili 2003 halmashauri ya Perumatty iliamua: leseni haiongezwi. Kampuni ikapinga, suala likafika Mahakama Kuu ya Kerala, na majibu yakaja mawili tofauti.

• Desemba 2003: Jaji mmoja alisema maji ya ardhini ni mali ya umma, serikali inayashikilia kwa niaba ya wote. Mwenye ardhi hana ruhusa ya kuyavuta apendavyo hadi majirani wakose.

• Aprili 2005: Majaji wawili wa mahakama hiyohiyo waligeuza uamuzi. Walisema mwenye ardhi ana haki ya maji yaliyo chini yake, na kampuni ingeweza kuvuta hadi lita 500,000 kwa siku.

Hoja ya pili si ngeni India. Sheria ya mwaka 1882, enzi za utawala wa Waingereza, humpa mwenye kiwanja haki ya kukusanya maji yaliyo chini ya ardhi yake. Shida ni kwamba maji hayajui mipaka ya kiwanja. Pampu kubwa ikivuta huku, kisima cha jirani kinakauka kule.

Kwa nini kiwanda hakikufunguliwa tena?

Kilikuwa kimeshafungwa tangu Machi 2004, baada ya serikali ya jimbo kuzuia uvutaji wa maji kwa sababu ya ukame. Hata baada ya ushindi wa 2005, uzalishaji haukurudi. Halmashauri ilikata rufaa Mahakama ya Juu, na mwaka 2017 kampuni iliieleza mahakama hiyo kuwa haina mpango wa kuendelea Plachimada. Kesi ikaishia hapo, bila Mahakama ya Juu kuamua maji ni ya nani.

Vipi kuhusu fidia?

Hapa ndipo kidonda kilipobaki wazi. Mwaka 2010 kamati iliyoundwa na serikali ya Kerala ilikadiria hasara kuwa zaidi ya rupia bilioni 2.16, wakati huo kama dola milioni 48 za Marekani. Ilihesabu kilimo, afya, maji na siku za kazi zilizopotea.

Februari 2011 bunge la jimbo lilipitisha muswada wa kuunda mahakama maalumu ya madai. Lakini muswada wa namna hiyo ulihitaji kuridhiwa na Rais wa India. Ulikaa Delhi miaka kadhaa, kisha ukarudishwa bila kuridhiwa.

Kwa hiyo kijiji kilishinda geti, lakini malipo hayakufuata. Halmashauri iliweza kunyima leseni kwa sababu leseni ilikuwa mkononi mwake. Fidia ilikuwa mikononi mwa walio mbali.